Nukta Nyekundu Kwenye Skrubu

Mashine yoyote inayotoka nyumbani kwangu kwenda kwa fundi hutoka na rangi nyekundu. Ni mazoea yangu ya miaka mingi. Mimi ni mshonaji, na cherehani ukiipeleka kubadilishwa mkanda, fundi asiye na haya anaweza kukuwekea mkanda mpya akabaki na gia yako nzuri, wewe ukaja kugundua mwezi wa tatu sindano inapoanza kuruka mishono. Kwa hiyo kabla haijatoka nachukua kichupa cha rangi ya kucha, naweka nukta kwenye kila skrubu, nusu juu ya kichwa cha skrubu na nusu juu ya bati. Mtu akifungua, nukta inakatika. Ikirudi navaa miwani, nakaa dirishani, nakagua moja moja, fundi akiwa amesimama hapo hapo. Wapo wanaonuna. Nawaambia, "Nuna tu baba, ukimaliza uniambie. Mimi wateja wangu nawarudishia mabaki ya vitambaa vyao kwenye mfuko, hata kipande cha upana wa kidole, na hakuna aliyenilazimisha."

Kompyuta ya mjukuu wangu nayo ilitoka na nukta. Sikuwa nawaza mtu. Ilikuwa inatoka nyumbani, mkono ukaenda wenyewe kwenye kichupa. Lakini iliporudi sikuikagua, kwa sababu aliyeirudisha ni mwanangu wa kumzaa.

Nina watoto wawili. Wa kwanza ni binti, muuguzi, anafanya kazi mbali sana, tunamwona mara moja kwa miaka miwili mitatu. Aliniachia mtoto wake nimlee, msichana ambaye mtaa mzima unamwita Penseli, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuna karatasi iliyopita mbele yake ikabaki nyeupe. Hata karatasi zangu za kukatia magauni alizichora milango na ngazi. Wa pili ni wa kiume, kitinda mimba wangu. Huyo alikulia chini ya meza yangu ya kukatia, akiokota mabaki na kuyatia kila ya mtu kwenye mfuko wake, na hakuwahi kukosea mfuko. Siku hizi ana duka la kuuza na kutengeneza kompyuta, na watu wanamwita Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe, watu wakalizoea.

Miaka miwili iliyopita binti yangu alimtumia Penseli laptop. Ilifika ndani ya boksi, imevishwa plastiki, inanukia upya. Mtaalamu alikuwepo. Akaishika, akaipindua, akapiga mluzi.

"Mama, hizi hazitumiwi moja kwa moja kutoka kwenye boksi. Zinapangwa kwanza. Niachie wiki moja."

Nikaipiga nukta zangu kumi, maana ilikuwa na skrubu kumi. Yeye akacheka, "Mama na rangi zake!" akaondoka nayo.

Iliporudi ilikuwa nzito kama gari la ng'ombe. Unaiwasha, unafagia uani, unaosha vyombo, unarudi, bado kile kiduara kinazunguka. Penseli alikuwa haisemi vibaya kwa kuwa ni zawadi ya mama yake, ila nilikuwa namwona ameweka kidevu mkononi anasubiri. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza. Nikampigia binti yangu.

"Ndiyo nini umemtumia mtoto? Bora ungemtumia daftari."

"Mama, niliulizia sana kabla ya kununua. Ile ni nzuri."

"Nzuri ipi? Chai inapoa kabla haijawaka."

Mtaalamu alikuwa ameketi pembeni yangu, anakula. Akasema kwa sauti ili dada yake asikie, "Amepigwa huyo. Wageni huko wanauziwa vitu vya ajabu." Halafu akanifungulia kompyuta yake mwenyewe nione tofauti. Akagusa tu, ikawaka. "Umeona, Mama? Hivi ndivyo inavyotakiwa."

Nikaona. Na nikamwambia binti yangu nilichokiona. Akasema yuko zamu, tutaongea. Tangu siku hiyo simu zake zikawa fupi. Anauliza afya yangu, anamuuliza Penseli masomo, anaaga. Kompyuta hakuitaja tena.

Mwaka huu Penseli amemaliza shule. Juu ya duka la vifaa vya ujenzi kuna ofisi ya mchora ramani za majengo, mzee mmoja mrefu anayeinama kila anapoingia mlangoni kwake mwenyewe. Aliona michoro ya Penseli, akaipenda, akakubali kumchukua amfundishe kazi. Sharti lilikuwa moja. Akampa flashi yenye ramani ya shule ya ghorofa tatu, na karatasi iliyoandikwa mashine iweje: memori giga kumi na sita, diski ya kasi.

"Hapa sina kompyuta ya ziada," alimwambia. "Ya kwako ikifungua ramani hii, njoo Jumatatu asubuhi. Isipofungua, usione haya kuniambia mapema, kuna mwenzako anasubiri nafasi hiyo hiyo."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jioni Penseli akachomeka flashi. Tukaona mstari mmoja wa ukuta, tukaona nusu ya mlango, kisha kioo kikaganda. Akajaribu mara tatu. Mara ya nne ikazima yenyewe.

"Nenda kwa mjomba wako," nikamwambia. "Anaweza kuiongezea nguvu."

Hakukawia kurudi, na macho yalikuwa mekundu.

"Mjomba anasema hii haiongezwi kitu, Bibi. Kila kitu kimechomelewa ndani. Anasema imefika mwisho, nimwachie aiuze vipuri."

"Ameifungua akaona?"

"Hapana. Anasema hajawahi hata kuifungua, anaijua kwa kuiangalia tu."

Hapo ndipo kitu kiliponikwama. Mteja akiniletea kitambaa simwambii hakitoshi gauni kabla sijakitandaza mezani nikakipima kwa tepu. Nikamwambia Penseli apanguse uso, kesho tutamtafuta mtu wa kukitandaza kitambaa.

Nilikuwa namjua mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akitengeneza redio tangu enzi za redio za betri kubwa, sasa anatengeneza kompyuta. Ana kimeza chini ya ngazi, kando ya duka la kuchapa karatasi. Watu wanamwita Miwani Mbili, maana moja huivaa machoni na nyingine huiweka kichwani, na akiwa kazini huzivaa zote mbili kwa pamoja. Mtaalamu huwa anamcheka. "Yule bibi wa redio," anasema.

Ijumaa asubuhi tukamkuta anakunywa chai.

"Karibuni. Nani mgonjwa?"

"Huyu hapa," nikaweka kompyuta mezani. "Ameambiwa hana dawa. Tunataka kujua kama aliyesema hivyo alimpima."

Akacheka. "Basi tumpime, bibi. Kaeni, hicho kiti kina mguu mmoja mbovu, kaa upande."

Nikakaa upande. Yeye akaipindua mashine, akashusha miwani ya pili juu ya ya kwanza, akasogea karibu.

"Nani alikuwa anapaka kucha akaimwagia hii?"

"Sikumwaga. Ni alama yangu. Mtu akifungua, nukta inakatika."

Akanitazama, akaitazama tena mashine. "Bibi, wewe ni mtu hatari. Ila njoo uangalie kazi yako."

Nikavaa miwani yangu. Tukawa wawili wenye miwani tatu juu ya skrubu kumi. Nukta tisa zilikuwa zimekatika katikati, nusu ya skrubu imegeukia upande wake na nusu ya bati imebaki upande wake. Ya kumi haikuwa na nukta kabisa. Ilikuwa skrubu nyingine, inayong'aa, fupi kidogo kuliko wenzake.

Nikawaza labda rangi imebanduka kwa kutiwa na kutolewa begini. Mtu hutafuta pa kujificha hata mchana kweupe.

"Fungua," nikasema.

Alipofungua nikaikazia macho mikono yake, kama wateja wangu wa zamani walivyokuwa wakiukazia macho mkasi wangu. Akagundua. Akakunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko. "Sina mfuko, bibi. Tazama kwa raha zako."

Ndani kulikuwa na ubao wa kijani na vitu vingi vidogo, safi kuliko nilivyodhani. Akamsogeza Penseli karibu, akaanza kumwonyesha kwa ncha ya bisibisi.

"Hii hapa ni prosesa, akili yenyewe. Imechomelewa. Hapo mjomba wako amesema kweli, hii hutaibadilisha, utazeeka nayo. Na kadi ya picha vile vile. Lakini hii..." Akabana vishikizo viwili vidogo kwa kucha, kipande chembamba kikanyanyuka chenyewe kama mtu anayeamka kitandani. "Hii ndiyo memori. Imechomekwa tu. Nani kasema haiongezwi? Na kuna nafasi ya pili hapa juu yake, ona. Tupu."

"Memori inafanya nini hasa?" nikauliza. "Niambie kama mtu asiyejua."

"Ni mahali mashine inapotandaza kazi inayofanya sasa hivi. Ikiwa ndogo, inatandaza kidogo, inakunja, inatandaza kingine. Diski ndiko inakoweka vitu ikishamaliza."

"Kwa hiyo memori ni meza yangu ya kukatia, na diski ni kabati la vitambaa."

Miwani Mbili akapandisha miwani moja kichwani. "Ulikuwa wapi miaka yote hii? Tungefungua duka pamoja."

"Na kabati lake likoje?"

Akagusa kisanduku cha bati, kikubwa kiasi cha kiganja. "Hapo ndipo penye maneno. Hii ni diski ya zamani, ya sahani inayozunguka, ndiyo maana mashine inavuta miguu. Na ona huku," akaelekeza mfereji mwembamba ulio wazi pembeni ya ubao, "hapa ndipo hukaa diski ya kisasa, bapa, nyembamba kama kipande cha bazoka ya kutafuna. Pametengenezewa hiyo. Hata kishikizo chake kimeachwa kinaning'inia." Akakisoma kisanduku cha bati, akaguna. "Halafu hii diski imetengenezwa miaka minne kabla ya kompyuta yenyewe. Nani amewahi kuona mimba imemzidi mama umri?"

Penseli akacheka. Mimi sikucheka.

"Labda ilinunuliwa hivyo," nikasema. Nilisikia sauti yangu inaomba.

"Tuache labda." Akageuza simu yake, akaandika namba iliyokuwa kwenye karatasi ndogo chini ya mashine. "Kila mashine ina cheti cha kuzaliwa. Ukikipa kiwanda namba yake, kinakwambia ilitoka tumboni na nini." Akasubiri, akasoma kwa sauti, taratibu, ili niweze kuandika. Mimi hutembea na penseli na daftari la vipimo vya wateja. Nikafungua ukurasa mpya nikaandika kama gauni: memori, vipande viwili, giga nane kwa nane. Diski bapa, giga mia tano na kumi na mbili. Nafasi ya diski kubwa, tupu. Kisha chini yake, inachoweza kubeba: memori hadi giga thelathini na mbili, diski mbili kwa pamoja.

Nikapiga mstari, nikaandika kilichopo. Memori, kipande kimoja. Diski bapa, hakuna. Diski ya zamani, imo.

Miaka yangu michache ya shule ilitosha kusoma ukurasa ule.

"Bibi," Penseli akasema kwa sauti ndogo, "haikuhitaji kuongezwa kitu. Ilikuja na kumi na sita. Ilikuwa inatosha tangu siku ya kwanza."

"Nimeona."

"Basi Mjomba..."

"Nimeona, mama. Nyamaza kidogo."

Akageukia ule ubao wa kijani. Miwani Mbili naye akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia. Mimi nilikuwa nasikiliza tena simu ya miaka miwili iliyopita. Bora ungemtumia daftari. Maneno yale niliyatamka kwa mdomo wangu, na aliyejua ukweli alikuwa ameketi karibu yangu kiasi cha kugusana magoti, akila chakula changu. Kisha akanifungulia mashine yake nione inavyowaka haraka. Alikuwa ananionyesha mali ya mtoto ili nimtukane mama wa mtoto.

Na kuna jingine lililonichoma zaidi. Aliniona nikiweka zile nukta. Anazijua kuliko mtu yeyote, amekua akiniona nikizikagua. Hakuhangaika hata kuzipaka upya. Alijua mafundi wote nitawakagua ila yeye.

"Unavyo vipande hivyo?" nikamuuliza Miwani Mbili.

"Ninaagiza. Vitafika Jumatano."

"Anatakiwa Jumatatu."

"Basi vitafute vile vya kwanza." Akaanza kufunga mashine. "Mtu wa kazi hii hatupi kitu kama hicho, bibi. Ama amekiuza, ama anakivaa mwenyewe. Sisemi ni nani. Kesho nipo hapa mpaka saa sita."

Jumamosi asubuhi nikachukua mfuko mmoja mtupu kati ya ile ya mabaki, ile ya kitambaa cheupe yenye kamba, nikautia kwenye pochi. Penseli alitaka kubaki. Nikamwambia, "Ni mali yako, utakuwepo."

Dukani kwa Mtaalamu kulikuwa na wateja wawili, mwalimu mmoja na mwanamke mwenye mashine ya kuchapia. Mwanangu aliponiona akafurahi kweli, hilo siwezi kumnyima.

"Mama! Mbona hukuniambia unakuja? Mwacheni mama yangu akae. Nikuletee soda?"

"Sina kiu. Ile kompyuta ya Penseli uliwahi kuifungua?"

"Ile? Sijaigusa ndani. Nilimwambia jana, ile..."

"Juzi."

"Juzi. Ile imechomelewa yote, Mama. Dada alipigwa."

Nikaiweka juu ya kaunta, tumbo juu. "Zisome nukta zangu."

Akazitazama. Nilikuwa namwangalia usoni na nikaona zinamkumbusha siku aliyozikata.

"Aah, hii labda... nilifungua kidogo. Kuisafisha feni."

"Mashine imetoka kwenye plastiki, feni yake ina vumbi la wapi?"

Yule mwalimu akageuka ukutani kusoma bei za wino.

"Mama, twende pale nyuma tuongee. Watu wanasikia."

"Wateja wangu nawarudishia mabaki mbele ya wateja wengine. Hujasahau, wewe ndiye uliyekuwa unaifunga mifuko." Nikafungua daftari, nikaligeuza upande wake. "Hivi ndivyo ilivyozaliwa. Hivi ndivyo ilivyo. Soma."

Akasoma. Ni ukurasa mfupi, lakini alikaa nao.

"Nani amekwambia haya? Yule bibi wa redio? Mama, hao watu wa chini ya ngazi wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa ili uwanunulie. Mashine ilikuja hivyo hivyo. Naapa ilikuja hivyo."

Sikubishana naye. Kubishana ni kazi ya mtu asiyejua. Nikatoa simu, nikampigia binti yangu, nikaweka sauti ya juu, nikailaza kaunta katikati yetu.

"Haloo? Mama? Kuna nini, mbona mapema? Penseli mzima?"

"Mzima, yupo hapa. Mdogo wako ana neno anataka kukwambia juu ya ile kompyuta." Nikamtazama. "Haya. Mwambie dada yako ilikuja hivyo."

Ile mashine ya kuchapia ilikuwa inajisafisha kwa kelele. Binti yangu akasema, "Haloo? Upo?" Mtaalamu akafungua mdomo. Mimi ananidanganya, hilo nilikwisha kuliona, lakini dada yake ndiye aliyembeba mgongoni miaka ile nilipokuwa nashona mpaka vidole vinavimba, na nadhani alisikia pumzi yake kwenye simu.

"Dada," akasema. "Nitakupigia baadaye."

Akakata. Akainama chini ya kaunta, akatoa kompyuta yake, ile ya kugusa tu ikawaka. Akachukua bisibisi. Alikuwa na mikono ya kazi, nilimfundisha mwenyewe kushika kitu kidogo bila kukidondosha. Akatoa kipande cha memori. Akatoa ile diski, bapa kweli, nyembamba kama bazoka. Akatoa na ile skrubu ya kumi, iliyokuwa na nusu ya nukta nyekundu kichwani.

"Nilijua hatazihitaji sasa hivi," akasema bila kunyanyua uso. "Mtoto wa shule, angechora nini? Mimi duka lilikuwa linaanza, siwezi kukaa mbele ya wateja na mashine inayokufa. Nilitaka nizitumie kidogo nirudishe. Halafu wewe ukaanza kumgombeza Dada, na nikaona nikisema sasa..."

"Ukaona uongezee."

Akaisukuma skrubu kwa kidole karibu na memori.

"Mjomba," Penseli akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo pale. "Juzi nilikwambia kuhusu Jumatatu. Ulijua ni Jumatatu."

Akakwaruza kaunta kwa ukucha. "Nilijua."

"Na ukasema niiache uiuze vipuri."

"Penseli, ningekutafutia nyingine..."

"Lini?"

Nikafungua mfuko mweupe, nikaushika wazi mbele yake kama ninavyofanya kwa wateja. Akatia memori. Akatia diski. Skrubu ikamponyoka, ikaviringika, akaikamata ukingoni mwa kaunta, akaitia. Nikavuta kamba.

"Mama, niachie niziweke mimi. Dakika tano tu, wala hamtalipa..." Akaishia hapo, nadhani neno lenyewe lilimtia aibu.

"Hapana."

"Ni kazi yangu, Mama."

"Najua ni kazi yako."

Tukatoka. Yule mwanamke mwenye mashine ya kuchapia naye akaikumbatia mashine yake akatoka nyuma yetu, akasema ameona afadhali arudi siku nyingine.

Miwani Mbili alizichomeka ndani ya kompyuta, pale pale chini ya ngazi, kabla ya saa sita. Hakuuliza tumezipata wapi. Akahamisha vitu vya Penseli, kazi hiyo ikachukua muda, kisha ile diski ya zamani akaitoa akanipa.

"Hii si yako, bibi."

"Najua ni ya nani. Itarudi kwa mwenyewe."

Penseli akachomeka flashi. Sikuwa nimemaliza kurekebisha kiti kile cha mguu mbovu, shule ya ghorofa tatu ikawa imesimama kwenye kioo, na ngazi zake na vyoo vyake, akawa anaizungusha kwa kidole. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa tu anaizungusha. "Miaka miwili, Bibi," akasema.

Jumatatu aliondoka asubuhi na begi mgongoni. Mchora ramani alimwonyesha kiti, akamwambia akae. Amekaa mpaka leo.

Kwa binti yangu nilikuwa nimepiga Jumapili mchana, siku moja kabla. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye daftari nisije nikababaika, lakini nilipomsikia nikaacha kusoma.

"Mwanangu, ile kompyuta ilikuwa nzima."

"Nilikwambia, Mama."

"Uliniambia. Nikamwamini aliyekuwa karibu."

Nikamweleza yote. Akasikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza kitu kimoja tu, kama Jumamosi mdogo wake alitaka mwenyewe kusema naye au nilimlazimisha mimi. Nikamwambia nilimlazimisha mimi. Akasema, "Bado hajanipigia." Kisha akaniambia nisilie, naye alikuwa analia. Tuliongea mpaka salio likaisha, akapiga yeye, tukaendelea.

Mtaalamu alikuja wiki ya pili. Hakuja na soda wala maneno. Mota ya cherehani yangu ilikuwa inanuka kuungua, na mota hiyo siku zote anaitengeneza yeye. Akasimama mlangoni.

"Nimesikia mota inasumbua. Niichukue?"

Penseli aliinua uso, akanitazama nitasema nini. Nikawaza kumpelekea Miwani Mbili. Nikawaza na kumwambia aende zake. Lakini ni mwanangu, na nikimfukuza leo nitamwita kesho, najijua. Nikaiendea rafu, nikachukua kichupa cha rangi ya kucha, nikapiga nukta sita kwenye mota mbele yake, nikazipuliza zikauke. Nikamkabidhi mota, na ile diski yake ya zamani juu yake. Safari hii hakusema Mama na rangi zake.

Akairudisha baada ya siku tatu. Ilikuwa inazunguka vizuri, harufu imekwisha.

"Iko sawa, Mama. Mimi nakimbia, kuna mtu dukani."

"Ngoja," nikasema.

Nikavaa miwani. Nikasogeza kiti dirishani, nikaipakata mota, nikaigeuza kwenye mwanga. Yeye akabaki amesimama hapo hapo, mahali wanaposimama mafundi, na funguo za duka mkononi. Nikaanza na skrubu ya kwanza.